Makaa, Moshi na Theluji ya Yubari

Reli ya kwanza ya Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, ilijengwa ili kubeba makaa ya mawe. Tarehe 28 Novemba 1880, majira ya baridi yakiwa yamebisha hodi, treni ilitoka Temiya kwenye bandari ya Otaru ikafika Sapporo. Ujenzi ulisimamiwa na mhandisi Mmarekani, Joseph Crawford, na injini za kwanza zilitengenezwa Pittsburgh na kampuni ya H. K. Porter, kisha zikapewa majina ya mashujaa wa Kijapani, Yoshitsune na Benkei. Miaka miwili baadaye reli ilifika ilikokusudiwa tangu mwanzo, mgodini Horonai. Mwaka huohuo serikali ilifungua gereza la Sorachi jirani na hapo, na wafungwa wake wakashushwa mgodini kuchimba. Walichimba humo hadi mwaka 1894. Wengi walifia huko.

Mwaka 1888 mtaalamu wa miamba, Ban Ichitaro, aliona mkanda wa makaa ukiwa wazi kwenye bonde la mto Yubari, ndani ya msitu. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya migodi na reli ya Hokkaido, na mwaka 1892 njia ya reli ikapasua msitu kutoka Oiwake hadi Yubari. Oiwake ikawa njia panda. Makaa yaliteremka kutoka bondeni, mabehewa yakapangwa upya, kisha treni ndefu zikaelekea bandarini Muroran, na baadaye Tomakomai. Serikali ilizitaifisha reli mwaka 1906, lakini kazi haikubadilika kwa miaka mingine 70: injini nyeusi, behewa jeusi, shehena nyeusi, na kwa takriban miezi minne au mitano ya kila mwaka, ardhi nyeupe.

Theluji ya Hokkaido ina chanzo chake. Upepo mkavu kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, huchota unyevu njiani, kisha hugonga milima na kuumwaga unyevu huo ukiwa theluji, siku baada ya siku. Bara la kisiwa hicho hupata baridi isiyo na huruma. Mjini Asahikawa, tarehe 25 Januari 1902, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri, na Japani haijaivunja rekodi hiyo. Watu wa reli walilazimika kuunda treni maalumu za kupambana na theluji. Injini moja ilikaa mbele na nyingine nyuma. Katikati yao palikuwa na behewa la mabawa lililokwangua theluji ya kingoni na kuikusanya, na jingine lenye gurudumu kubwa la makali lililoirusha mbali na njia. Seti moja kamili ya namna hiyo imehifadhiwa mjini Nayoro, na ukiitazama unaelewa kwamba kupitisha tani moja ya makaa mwezi wa Februari ilikuwa vita.

Injini iliyobeba mzigo huo katika zama za mwisho za mvuke ni D51. Zilitengenezwa 1,115 kwa ajili ya reli za taifa kati ya mwaka 1936 na 1945, nyingi kuliko aina nyingine yoyote ya injini nchini Japani. Aliyeongoza usanifu wake ni Hideo Shima, na mkono wa historia ulimrudisha tena baadaye. Huyohuyo Shima ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Shinkansen, treni ya umeme ya mwendo kasi iliyozinduliwa mwaka 1964 na kuufanya mvuke uonekane wa kale mbele ya taifa zima. Mzee wa kazi ya mizigo na kijana wa kasi walitoka katika meza moja ya michoro.

D51 za Hokkaido zilifungwa vyumba vya dereva vyenye milango, ilhali za kusini ziliachwa wazi. Baadhi ya zile za Oiwake zilibadilishwa hata bomba la moshi katika miaka ya 1960. Ziliwekewa bomba bapa lililobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria ili kupunguza makaa yanayoteketea. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulifahamu bomba hilo. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililifunga kwenye injini zake nyingi, zikiwemo Garratt kubwa za darasa la 59 zilizopewa majina ya milima yetu na zilizopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi na mizigo mizito. Fundi wa Nairobi na fundi wa Oiwake, mmoja kwenye joto la ikweta na mwenziwe kwenye theluji, walikuwa wakihangaikia tatizo moja la moshi.

Mwaka 1960 Shirika la Reli la Taifa la Japani lilianza mpango wa kuondoa mvuke wote ndani ya miaka 15. Sababu zilikuwa wazi. Injini ya mvuke hula makaa mengi ikilinganishwa na kazi yake, huhitaji watu wengi, maji mengi, na saa nyingi za kuwashwa na kusafishwa. Zaidi ya hapo, nchi yenyewe ilikuwa inayahama makaa. Mafuta ya petroli kutoka Ghuba yalikuwa nafuu, na migodi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Huko kusini, mgodi wa Miike ulitikiswa na mgomo mkubwa mwaka 1960, na wachimbaji walishindwa. Kwa hiyo injini za Yubari zilihukumiwa mara mbili: kwa jinsi zilivyoendeshwa, na kwa kile zilichobeba.

Hapo ndipo kamera zilipofika. Kampuni za Japani zilikuwa zimeanza kutengeneza kamera nzuri ambazo kijana wa kawaida angeweza kujibana na kuzinunua. Nikon F ilitoka mwaka 1959, na Pentax Spotmatic, yenye kipima mwanga kinachosoma kupitia lenzi yenyewe, mwaka 1964. Jarida la Japan Railfan lilianza mwaka 1961. Naotaka Hirota, aliyezaliwa mwaka 1935 na ambaye wapiga picha wengi wa reli nchini humo humhesabu kuwa mtangulizi wao, alionyesha picha zake za injini za mvuke mwaka 1968. Na kadiri orodha ya njia zenye mvuke ilivyofupishwa kila mwaka, ndivyo watu walivyozidi kumiminika kwenye zile zilizobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jambo hilo lilikuwa wimbi la taifa. Wanafunzi wa sekondari walipanda treni za usiku kutoka Tokyo hadi Aomori, wakavuka mlango wa bahari kwa meli ya reli kwa karibu saa nne hadi Hakodate, wakiwa na tiketi ya kuzunguka Hokkaido yote kwa bei moja. Walilala ndani ya treni za usiku ili kuokoa gharama ya hoteli, na alfajiri walishuka kwenye stesheni ndogo zenye jiko la makaa katikati ya chumba cha kungojea.

Kwa nini wengi walichagua majira magumu kuliko yote? Jibu liko katika mwanga, na mtu asiyewahi kupiga picha ya injini nyeusi anaweza kulipita bila kuliona. Mambo yanayovutia ya injini ya mvuke yako chini: magurudumu, silinda, mikono ya chuma inayosukuma na kuvuta. Jua la kiangazi likiwa utosini huliangaza boila na kuiacha sehemu hiyo yote katika kiza. Theluji huupindua mpangilio huo. Mwanga unaoiangukia hurudi juu na kupenya chini ya injini, kati ya magurudumu, hadi kwenye kila nati na kila tone la grisi. Kile ambacho studio hukifanya kwa ubao mweupe ulioegemezwa, bonde zima la Yubari lilikifanya bure. Picha bora za D51 zilizopigwa Hokkaido zina uwazi huo wa chini, na ndiyo sababu zinaonekana kana kwamba mtu amezunguka na taa.

Sababu ya pili ni mvuke wenyewe. Unapotoka kwenye bomba ni hewa isiyoonekana. Huonekana pale unapopoa na kuwa matone. Siku ya joto hutawanyika upesi. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hugeuka papo hapo kuwa mnara mweupe unaopanda mita nyingi na kuifuata treni nzima. Basi injini inayopanda mlima na mzigo, mchochea moto akitupa makaa, hutoa vitu viwili pamoja, moshi mweusi na mvuke mweupe, na upepo huvisuka. Treni inayoteremka haina hayo, kwa kuwa dereva amefunga mvuke. Kwa hiyo mpiga picha alitakiwa kuisoma ramani ya miinuko kabla ya kuisoma ratiba. Alitakiwa pia kuujua upepo. Akisimama upande unaopulizwa, treni ingempita akiwa ndani ya wingu, na saa tatu za kungoja zingetoweka bila picha.

Ugumu nao ulikuwa mwingi. Kipima mwanga cha kamera za enzi hizo kilisanifiwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, rangi zake zikichanganywa, hutoa kijivu cha kati. Kikielekezwa kwenye theluji huona mwanga umezidi na kumshauri mpiga picha aupunguze. Akikisikiliza, anapata theluji ya rangi ya majivu na injini isiyoonyesha chochote ila weusi. Waliojua waliongeza mwanga kwa hatua moja au mbili kuliko kamera ilivyosema. Lakini wakizidisha, mvuke mweupe ulipotea ndani ya anga jeupe, na theluji ikawa karatasi tupu. Ndiyo maana picha nyingi nzuri za Yubari zina msitu nyuma yake. Miti iliyokauka, ya kijivu kizito, iliupa mvuke mahali pa kuonekana.

Betri zilizimia kwa baridi. Filamu ilikakamaa, na aliyeivuta kwa pupa aliikata, au akaisababishia cheche ndogo za umeme zilizoacha alama za matawi juu ya picha. Aliyeingia kwenye chumba cha kungojea na kamera mkononi aliona lenzi ikifunikwa na ukungu mara moja, na akirudi nje ukungu huo ukawa barafu. Wazoefu waliacha kamera ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto polepole. Kwa mwendo, treni ya makaa ilikuwa na subira. Ilipanda taratibu, na shata ya wastani ilitosha kuisimamisha. Theluji inayoanguka ndiyo iliyodai uamuzi: shata ya haraka iliigeuza kuwa vitone, ya polepole ikaigeuza kuwa michirizi, na kila chaguo lilitoa hali ya hewa tofauti kwenye karatasi.

Nimezitazama picha hizi kwa miaka, nazipenda, na bado kuna jambo linalonisumbua ndani yake. Waliozipiga walikuwa waangalifu mno. Waliandika namba ya injini, namba ya treni, tarehe, stesheni mbili ambazo kati yake picha ilipigwa, mara nyingine hata lenzi na kipimo cha shata. Ukitaka kujua injini fulani ilikuwa wapi siku fulani ya Januari 1974, kuna uwezekano mkubwa utapata. Lakini mchochea moto aliyetupa makaa yaliyotoa ule moshi hana jina. Wanawake waliofagia theluji kwenye njia za kupishania hawana majina. Na mchimbaji ni kama hayupo kabisa, ilhali kila behewa lililopita mbele ya kamera lilikuwa limejazwa na jasho lake.

Alikuwa mtu wa kuhatarisha maisha kila zamu. Novemba 1914 mlipuko katika mgodi mmoja wa Yubari uliua zaidi ya watu 400. Wakati wa vita, Wakorea na Wachina walilazimishwa kuchimba katika migodi ya Hokkaido. Mwaka 1960 mji wa Yubari ulikuwa na watu wapatao 117,000, wakiishi kwenye safu za nyumba za kampuni zilizopanda vilima pande zote mbili za reli. Katika picha nyingi nyumba hizo zinaonekana kwa nyuma, paa zake zimelemewa na theluji, zikiwa pambo la mandhari. Sisemi vijana wale walikosea kuipenda injini. Nasema kwamba upendo wao ulichora nusu ya habari kwa ustadi usio na mfano, na nusu ya pili tunaitafuta kwingine.

Wimbi lilikuwa na madhara yake pia. Watu waliingia kwenye njia za reli, wakakanyaga mashamba, wakagombania nafasi. Hata baada ya mvuke kuondolewa kazini, Septemba 1976, treni ya maonyesho ya mvuke ilipopita kati ya Kyoto na Osaka, mtoto wa shule ya msingi aliyekuwa katika umati wa kuitazama aligongwa na kufa. Tangu kabla ya hapo shirika la reli lilikuwa na kila sababu ya kutaka mambo yaishe haraka.

Yaliisha kama ilivyopangwa, mwaka wa kumi na tano. Tarehe 14 Desemba 1975 injini C57 135 ilivuta treni ya mwisho ya abiria kwa mvuke, kutoka Muroran hadi Iwamizawa. Siku kumi baadaye, tarehe 24 Desemba, ikawa zamu ya mizigo. D51 241 ilitoka Yubari na mabehewa ya makaa ikateremka kuelekea Oiwake, na bonde likajaa watu waliokuja kuipiga picha. Naona inafaa kwamba kazi ya mwisho ya injini ya mvuke kwenye njia za reli za taifa hilo ilikuwa kubeba makaa kutoka bonde la theluji. Hakuna sherehe ya Tokyo ambayo ingeeleza vizuri zaidi injini hizo ziliumbwa kwa kazi gani.

Zilibaki chache za kupanga mabehewa uwanjani Oiwake, za aina ya 9600, usanifu wa mwaka 1913. Nazo zilizimwa tarehe 2 Machi 1976. Karakana ya Oiwake ikawa na injini zilizopoa, baadhi zikingoja kupelekwa kwenye hifadhi. Usiku wa tarehe 13 Aprili 1976 karakana hiyo iliungua. D51 241 ilikuwa ndani. D51 603, iliyokuwa imechaguliwa kupelekwa Tokyo kuhifadhiwa, iliharibika vibaya pia, na leo sehemu yake ya mbele tu imesimama Kyoto. C57 135, ambayo haikuwamo, iko kwenye jumba la makumbusho ya reli huko Saitama. Kwa hiyo injini iliyovuta treni ya mwisho ya mizigo haikupata hata nusu mwaka wa ustaafu, na tunalijua umbo lake siku ile kwa sababu ya wale waliosimama kwenye theluji wakiwa na filamu.

Yubari nayo ilifuata njia ya mabehewa yake. Mwaka 1981 mgodi mpya uliotegemewa kuuokoa mji ulilipukwa na gesi, wachimbaji 93 wakafa. Ili kuuzima moto, maji yaliachiwa yaingie mgodini wakati wenzao 59 hawajapatikana. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1990. Mwaka 2007 manispaa yenyewe ilitambuliwa rasmi kuwa imefilisika, na tarehe 31 Machi 2019 treni ya mwisho ya abiria iliondoka stesheni ya Yubari na tawi hilo la reli likafungwa. Mji una watu wasiofika 8,000. Mwaka huohuo wa 2019 mji wa Abira, ulio na Oiwake ndani yake, ulifungua kituo cha mapumziko cha barabarani kilichopewa jina la D51, na ndani yake imewekwa D51 320, inayong'arishwa na wakazi.

Wengi wa wale vijana wa miaka ya 1970 sasa ni wazee, na maboksi yao ya filamu yanaanza kuhamia kwenye maktaba na majumba ya kumbukumbu, au kutupwa. Huko Hokkaido wapo wanaozikusanya na kuwauliza wakazi wakongwe ni nani anayeonekana pembeni ya picha ameshika sepetu. Ni kazi njema, na inakwenda mbio na vifo.

Kwetu pia kazi hiyo iko. Nyumba nyingi kutoka Mombasa hadi Kisumu, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma na Mwanza, zina picha za baba, babu au mjomba akiwa mbele ya injini, kwenye gereji ya reli au juu ya behewa la mizigo. Kama unayo moja, itoe kwenye fremu yake jioni ya leo. Andika nyuma kwa penseli jina la stesheni, mwaka, na jina la kila mtu anayeonekana, hasa wale wa nyuma. Halafu mpigie simu mzee yeyote anayeweza kukusahihisha.